Itoeni Randa Kabatini

Ubishi huu naufungua kwa kisanduku cha mti. Nilikiona katika ghala ya shule moja ya sekondari isiyo mbali na mji wa Nakuru, siku nilipokwenda kuwatazama wanachuo wetu wa ualimu wakifanya mazoezi ya kufundisha. Kilikuwa chini ya viti vilivyovunjika miguu, nacho kimeandikwa nambari kwa chaki nyeupe. Nilipouliza maana ya nambari ile, niliambiwa kuwa vitu vyote vya pembe ile vimekwisha kuorodheshwa ili viuzwe kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, kwa bei ya kilo.

Nilikifungua. Ndani yake mlikuwa na randa ya chuma iliyopakwa nikeli, fimbo zake mbili za duara, kipande chake cha kuongozea chenye uso wa mti mwekundu, na visu karibu ishirini, kila kimoja na umbo lake. Kutu ilikuwa imeanza kula visu viwili vitatu. Vilivyobaki vilikuwa vizima kana kwamba vimetoka kiwandani jana. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu, aliyekuwa akinisaidia kuondoa viti, alitazama kwa makini, kisha akauliza kwa adabu, "Mwalimu, hii ni cherehani?"

Sikumcheka, wala wewe, msomaji, usimcheke. Hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa letu sisi walimu, tuliokiacha chombo kile gizani miaka mingi hata mtoto aliye na haki ya kukitumia asikijue jina. Insha hii ni jibu la swali lake, na ni teto langu juu ya orodha ile ya vitu vya kuuzwa.

Kwanza tukijue chombo chenyewe, kwa maana hakuna hoja ya haki juu ya kitu kisichojulikana. Neno randa halikuzaliwa kwetu. Lilisafiri kutoka Uajemi na Bara Hindi, na hata leo seremala wa Punjab akiitaja randa, wewe utamwelewa bila mkalimani. Miongoni mwa watu waliokuja kuijenga reli ya Uganda, kati ya mwaka wa 1896 na 1901, walikuwamo maseremala na wahunzi wa Kikalasinga kutoka nchi hiyo, na mji wa Nakuru ni mtoto wa reli ile. Randa ya kawaida kila mtu aijua: ina tumbo bapa, kisu kimoja, na kazi moja, nayo ni kulainisha mbao. Lakini seremala hahitaji mbao laini tu. Huhitaji mfuo wa kutia ubao wa chini wa mtoto wa meza. Huhitaji ulimi na mfuo ili mbao mbili zishikane bila kuonyesha mwanya. Huhitaji ukingo uliochongwa kwa mviringo ili mlango usiwe mkavu machoni. Zamani kila umbo lilikuwa na randa yake ya mti, na fundi kamili alikuwa na sanduku zima la randa, zito kama mzigo wa punda.

Katika miaka ya 1880 kampuni ya Stanley, ya mji wa New Britain huko Marekani, ilianza kuuza randa iliyobuniwa na Justus Traut, nayo ikapewa nambari 45. Badala ya randa nyingi zenye kisu kimoja kimoja, ilikuwa randa moja yenye visu vingi. Mwaka wa 1897 kampuni hiyo ilitoa ndugu yake mkubwa, nambari 55, mwenye visu zaidi ya hamsini. Baadaye mji wa Sheffield, huko Uingereza, nao ukaleta randa ya jamaa hiyo, Record nambari 405. Ile niliyoiona ghalani ilikuwa ya Sheffield. Viwanda hivyo viliacha kuzitengeneza zamani. Kwa hiyo kila moja inayoyeyushwa ni moja iliyopungua duniani.

Sasa sikiliza namna inavyofanya kazi. Mwili wake una reli nyembamba ya chuma iendayo chini ya upande mmoja wa kisu. Reli ya pili huteleza juu ya zile fimbo mbili, nawe huisogeza mpaka ikae chini ya upande wa pili wa kisu, kiwe chembamba au kipana. Kipande cha kuongozea nacho huteleza juu ya fimbo hizo hizo. Hugusa ubavu wa mbao na kuamua mfuo uwe mbali kiasi gani na ukingo. Kuna kizuizi kinachoamua kina: kikifika juu ya mbao, randa hukataa kushuka tena. Kuna na meno madogo makali yanayotangulia mbele ya kisu. Ukikata kwa kufuata nyuzi za mbao unayaficha. Ukikata kwa kuzivuka unayashusha, ili yazikate nyuzi kabla kisu hakijazing'oa.

Adui wa kwanza wa randa hii ni yule asemaye kuwa ni ngumu mno. Husema: kabla ya kusukuma mara moja, mtu hupoteza robo saa akifunga na kufungua skrubu, na akisha kusukuma, mbao huchanika. Sikatai. Ni ngumu, na mimi ni shahidi, kwa maana ilinishinda nilipokuwa mwanachuo. Niliiweka mwanzo wa ubao, nikaisukuma hadi mwisho kwa nguvu zote kama nilivyozoea kuisukuma randa ya kulainishia. Kisu kilifuata nyuzi badala ya kunifuata mimi. Mfuo ukapinda kama njia ya mbuzi, na ukingo ukachanika. Nikaitupa mezani nikasema chombo ni kibovu.

Alikuwapo mzee mmoja, seremala wa mjini Nakuru, aliyekuja chuoni kutengeneza madirisha. Aliutazama ubao wangu, akauliza, "Kijana, umeanzia wapi?"

"Hapa karibu nami, Mzee."

"Basi ndiyo maana. Anzia kule mbali."

Akaugeuza ubao, kichwa kikawa miguu, kwa kuwa nyuzi zilikuwa zikipanda kuja upande wangu. Kisha akaiweka randa karibu na mwisho wa ubao, akasukuma urefu wa kiganja tu. Akarudi nyuma kidogo, akasukuma tena hadi pale pale mwisho. Akaendelea hivyo akirudi nyuma hatua kwa hatua, mkono wa kushoto ukikibana kipande cha kuongozea ubavuni mwa mbao, mkono wa kulia ukisukuma tu bila kukandamiza. Kila msukumo ulikuta mfuo uliokwisha kukatwa mbele yake, na mfuo ule ukawa ndio reli yake. Mwisho akapita mara moja toka mwanzo hadi mwisho, na utepe wa mbao ukatoka mzima, mrefu kuliko mkono wake. Randa ilikuwa ile ile, kisu kile kile, na mbao ile ile. Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Siku ile nililipata jembe langu.

Lakini kwa nini ichane mbao, hali randa ya kawaida haichani sana? Hapa ndipo ugumu wake unapogeuka kuwa mwalimu. Randa ya kawaida ina tumbo linalozikandamiza nyuzi mbele ya kisu, ili zisiinuke. Hii haina tumbo. Ina reli mbili tu, na katikati ya reli hakuna kinachozizuia nyuzi. Kwa hiyo haimsamehe mtu asiyesoma mbao. Ubao wa mvule, ambao nyuzi zake hupishana huku na huku, utaisumbua hata mikononi mwa bingwa. Lakini podo au msaipresi ulionyooka utakatika kama sabuni. Mwanafunzi aliyeitumia wiki tatu hatachukua tena ubao wowote bila kuugeuza mwangani na kuuliza nyuzi zake zaelekea wapi. Niambie, msomaji, ni somo gani la darasani lifundishalo uangalifu kwa adhabu ya haki namna hiyo, isiyo na kiboko wala tusi?

Tena ina hesabu ndani yake. Visu vya Sheffield vilipimwa kwa inchi. Kisu cha robo inchi hukata mfuo wa milimita 6.35, kwa kuwa inchi moja ni milimita 25.4. Plaiwudi ya leo ya milimita 6 ukiitia katika mfuo huo italegea kwa milimita 0.35, na mtoto wa meza atalia kila akivutwa. Mwanafunzi ataitambua tofauti hiyo kwa sikio kabla hajaiandika daftarini, na akisha kuitambua hataisahau. Wangapi kati yetu tulikariri vipimo hivyo kwa mtihani, tukavimwaga siku ya pili yake?

Adui wa pili ni mwenye akili zaidi, naye nastahili kumjibu kwa heshima. Husema: dunia imekwenda mbele. Iko mashine ya umeme ya kuchonga mifuo, ile mafundi waiitayo ruta. Hufanya kwa dakika moja kazi ya saa nzima. Mwanafunzi afundishwe chombo atakachokikuta kazini, si chombo cha babu wa mwajiri wake. Hoja hii ni nzuri, na nusu yake ni kweli. Mtu mwenye milango arobaini ya kutengeneza kabla ya mwisho wa mwezi atumie mashine, na mimi nitamsaidia kuibeba. Sipigi vita umeme.

Lakini shule si karakana ya milango arobaini. Shuleni hatuuzi milango. Tunalea mikono na akili. Kisu cha mashine ile huzunguka maelfu ya mara kwa dakika, na mkono usiozoea hukosea kwa kasi hiyo hiyo: kabla jicho halijaona, ubao umekwisha kuharibika, na pengine kidole pia. Randa hukosea polepole. Hukupa nafasi ya kusimama katikati ya kosa, ukalitazama, ukaona ni skrubu gani iliyolegea. Kisha mashine hutoa vumbi jembamba lielealo hewani, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliweka vumbi la mbao miongoni mwa vitu vinavyojulikana kuwa huwaletea wanadamu saratani. Randa hutoa maranda, ambayo huanguka chini, hufagiwa, na huwasha jiko. Karakana yenye mashine yahitaji vifyonza vumbi na barakoa kwa watoto arobaini. Yenye randa yahitaji ufagio.

Wala tusisahau kuwa umeme wenyewe si mtumwa wetu. Tarehe 25 Agosti 2023 ulizimika karibu nchi nzima kwa saa nyingi. Siku kama ile, fundi ajuaye mashine peke yake hukaa kizingitini akingoja. Anayejua yote mawili huendelea na kazi, na jambo kubwa zaidi ni kwamba hata akiirudia mashine yake, huirudia kama bwana wake. Kipande cha kuongozea, kizuizi cha kina, mwelekeo wa nyuzi, yote hayo yamo katika ruta pia. Aliyeyajifunza kwa randa huyakuta yakimngojea kama marafiki wa zamani.

Yako na manufaa ya sokoni, ambayo vijana hupenda kuyasikia. Pande zetu hizi, toka Nakuru kwenda Njoro, Elburgon na Molo, ni nchi ya mbao. Msitu wa Mau uko mlangoni. Zipo nyumba za kale ambazo dari na kuta zake ni mbao zilizochongwa ukingo kwa umbo lisilotengenezwa tena kiwandani. Ubao mmoja ukioza, mwenye nyumba hana pa kuununua. Mtu mwenye randa ya visu ishirini ataupima umbo, atachagua kisu, na ubao mpya utakaa kati ya wazee wake pasipo jicho kuutenga. Tena mbao si kitu cha kuchezea. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mwezi wa Februari 2018, marufuku ambayo Rais alitangaza kuiondoa Julai 2023, maseremala walijifunza kwa uchungu kuwa ubao mmoja ulioharibiwa ni hasara isiyofidika kwa maneno. Chombo kinachomlazimisha mtu kujaribu kwanza juu ya kipande cha kutupwa ni chombo cha kuhifadhi msitu.

Adui wa tatu ndiye ninayemhofu kuliko wote, kwa kuwa husema kwa sauti ya mtu aliyeumizwa. Husema: kazi za mikono zilikuwa elimu ya kututweza. Wakoloni walimpa Mwafrika randa ili wamnyime kitabu. Mwaka wa 1924 tume ya Phelps-Stokes ilipita Afrika ya Mashariki ikisifu elimu ya kazi kwa Waafrika, na mwaka huo huo chuo cha kuwafunza ufundi kikafunguliwa Kabete. Je, leo mwalimu wa Kiafrika anataka kuturudisha kule?

Hapana, msomaji; tena tusilipuuze jeraha hili. Ni kweli kwamba milango mingine ilifungwa, na kwamba fundi wa Kiafrika alilipwa kidogo kuliko mwenzake wa rangi nyingine kwa kazi moja. Lakini tazama vizuri ni nani mwenye hatia. Je, ni randa? Hatia ilikuwa ya mikono iliyofunga milango. Vipaji vya mikono tulikuwa navyo kabla ya tume yoyote kutia nanga Mombasa. Milango ya nakshi ya Lamu na mitepe iliyoshonwa kwa kamba ni mashahidi wetu. Watu wa pwani hawakuachia bure methali isemayo kuwa vyaelea vimeundwa. Kuikataa randa kwa sababu mkoloni aliishika ni kumwachia mkoloni hata useremala, kana kwamba ni mali aliyotuazima.

Na leo kitabu kiko mkononi mwako. Unasoma jiometri asubuhi. Kwa nini usiikate katika mti alasiri? Fedheha ya zamani ilikuwa kumpa mtu chombo bila elimu. Fedheha ya leo ni kumpa elimu bila chombo, kisha kumwita msomi mtu asiyeweza kunyoosha mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Basi nirudi ghalani. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, nchi nzima iliambiwa kuwa kazi za mikono zina heshima. Wazazi walichangishwa, karakana zikajengwa, vyombo vikanunuliwa. Baadaye moto ule ulipoa; katika shule nyingi karakana ikawa bohari ya viti, na vyombo vikawa orodha. Sasa mtaala wa umilisi umefika ngazi ya juu ya sekondari: Januari 2026 wanafunzi wa kwanza waliingia Gredi ya 10, na useremala umo miongoni mwa masomo ya ufundi wanayoweza kuyachagua. Tunasikia walimu wakuu wakilia kuwa hawana vyombo. Wengine wanalia hivyo wakiwa wamekaa juu ya sanduku la vyombo, na wakati huo huo wakitia sahihi barua ya kuliuza kwa kilo. Sijui jina jingine la tendo hilo ila ufujaji.

Wako na wengine ambao wangependa kuiokoa randa hiyo kwa kuitia ndani ya kabati la kioo, kando ya vikombe vya kandanda, na kuandika chini yake: usiguse. Hao nawashukuru kwa nia, lakini siwafuati. Randa isiyoguswa ni maiti iliyopakwa marashi. Wala siombi iabudiwe. Visu vyake ishirini havina haja ya kujulikana vyote. Mafundi wengi walioimiliki maisha yao yote walitumia vinne au vitano. Ijulikane kwa kazi zake za kweli: mfuo, ulimi, ukingo. Hizo zatosha kumtoa mtu ujingani.

Kwako wewe, mwanafunzi, nina ombi moja, nalo halina gharama. Kesho mwulize mwalimu wako kwa adabu kama shule ina vyombo vya zamani vya useremala. Mkipata sanduku, lifungueni pamoja. Futeni kutu kwa mafuta na kitambaa kikavu. Noeni kisu kimoja tu, kile cha robo inchi, juu ya kinoo, mpaka kinyoe nywele za mkono. Fungeni kipande cha msaipresi katika jiliwa, kilichonyooka, kisicho na fundo. Anzeni kule mbali, mrudi nyuma hatua kwa hatua. Ubao wa kwanza utaharibika. Wa pili utaharibika kidogo. Wa tatu utatoa utepe mmoja mrefu, wenye harufu ya msitu, nawe utauokota ukauweka ndani ya daftari lako.

Yule mwanafunzi wa kidato cha tatu nilimpa skrubu ya reli ya pili aishike wakati nikirudisha vipande ndani ya kisanduku. Aliigeuza kidoleni, akaijaribu katika tundu lake, ikaingia, akatabasamu. Nilifuta ile nambari ya chaki kwa kiganja changu, kisha nikaenda kubisha hodi katika ofisi ya mwalimu mkuu. Na katika shule yako, nani ataifuta?